Kumpima Mtoto Akili: Mwongozo Kamili wa Mzazi, Kuanzia Swali Hadi Ripoti

Mvulana wa miaka tisa ameketi mezani. Mbele yake kuna vitofali vidogo vyenye pande nyekundu, pande nyeupe na nyingine nusu kwa nusu, pamoja na picha ya umbo analotakiwa kulijenga. Anaanzia kona ya juu kushoto. Anaweka, anatoa, anapindua, anakisawazisha kila kitofali kwa ncha ya kidole hadi kikae mstari mmoja na mwenzake. Saa inakwenda. Muda unakwisha akiwa amebakiza kitofali kimoja, na hicho kimoja yuko nacho mkononi. Kwa kanuni za kipimo, hiyo ni sifuri. Sekunde sita baadaye umbo limekamilika, safi kabisa.

Mtoto aliyeingia baada yake alipata sifuri vilevile, kwenye umbo lilelile. Yeye alivisukuma vitofali pembeni, akasema "siwezi", akageukia dirishani.

Kwenye karatasi ya alama watoto hawa hawana tofauti. Darasani hawafanani hata kidogo, na msaada wanaouhitaji haufanani. Mzazi anayekwenda kupokea ripoti bila swali la kuuliza atarudi nyumbani na namba. Mwenye swali atarudi na habari za vile vitofali. Mwongozo huu umeandikwa ili uwe huyo wa pili.

Hatua ya 1: Andika swali lako kwenye karatasi

Mpimaji akikuuliza "mmekuja kwa nini?", jibu la "tunataka kujua akili yake" halimsaidii yeye wala wewe. Swali linalofaa huwa na mambo matatu ndani yake: unachokiona, kilianza lini, na ni uamuzi gani unaosubiri jibu. Kwa mfano: "Tangu aingie darasa la tatu anasoma kwa kugugumia, lakini ukimsimulia hadithi anairudia yote bila kuacha kitu. Shida ni kusoma peke yake, au anachelewa kuelewa mambo kwa jumla? Tunataka kujua kabla hatujaamua arudie darasa."

Vipimo vyenyewe vilizaliwa na swali la aina hiyo. Mwaka 1904 serikali ya Ufaransa iliunda tume ya kuangalia namna ya kuwafundisha watoto walioshindwa kwenda sambamba na wenzao shuleni. Mwaka uliofuata, 1905, mwanasaikolojia Alfred Binet na daktari kijana Théodore Simon walitoa kipimo chenye mazoezi 30 yaliyopangwa kutoka jepesi hadi gumu. Walitaka anayehitaji msaada ajulikane kwa njia iliyo bora kuliko mwalimu kumtazama usoni na kutoa hukumu. Binet alipinga waziwazi dhana kwamba akili ya mtu ni kiasi kilichokwisha kuwekwa, kisichoongezeka. Waliokichukua kipimo chake baadaye hawakuwa waangalifu hivyo, na makosa mengi ya karne iliyofuata yalianzia hapo.

Sababu nzuri za kumpima mtoto ziko nyingi: kuchelewa kuongea au kujifunza tangu akiwa mdogo, masomo kuporomoka baada ya kuumia kichwa, kuugua homa ya uti wa mgongo au kuanza kupata kifafa, shaka ya ulemavu wa akili, shaka ya tatizo mahususi la kujifunza, au mtoto aliyewaacha wenzake mbali kiasi kwamba darasa linamchosha na ameanza ukorofi. Sababu mbaya nazo zipo. Nimewahi kuona mtoto akiletwa ili umalizwe ubishi wa baba na mama kuhusu amerithi akili za upande gani. Mwingine aliletwa ili alinganishwe na kaka yake. Kipimo hakina jibu la maswali hayo, na mtoto huondoka na kidonda.

Kama tatizo unaloliona ni kusoma tu, au hesabu tu, anza na tathmini ya kusoma au ya hesabu. Kipimo cha akili peke yake hakiwezi kuthibitisha disleksia, yaani tatizo mahususi la kusoma. Wala tatizo la kutotulia na kukosa umakini halitambuliwi kwa kuangalia IQ, ile alama ya jumla ya kipimo cha akili.

Hatua ya 2: Maliza kwanza yale mepesi

Kabla ya kitu chochote, mtoto apimwe macho na masikio. Mtoto asiyesikia vizuri sauti za chini atakosa maswali ya maneno, na asiyeona karibu atachanganya alama ndogondogo zinazotakiwa kulinganishwa kwa kasi. Vyote viwili vitaonekana kwenye ripoti kama upungufu wa akili.

Kisha angalia usingizi, lishe, upungufu wa damu, dawa anazotumia, na kama kuna jambo zito limetokea nyumbani: msiba, wazazi kutengana, kuhama. Angalia pia amehudhuria shule kwa kiasi gani. Aliyekosa mwaka mzima wa masomo ana pengo la mafunzo, na pengo la namna hiyo huzibwa kwa kufundishwa.

Hatua ya 3: Kijue kipimo kabla hakijamfikia mtoto

Kwa umri wa shule, kipimo kinachotumika sana ni WISC, kilichoasisiwa na David Wechsler mwaka 1949. Toleo la tano, WISC-V, lilitoka mwaka 2014 na ni la watoto wa miaka 6 hadi 16 na miezi 11. Kinatoa alama za maeneo matano. La kwanza ni uelewa wa maneno. La pili ni maumbo na nafasi, na vile vitofali viko hapa. La tatu ni kuchambua mambo mapya na kugundua kanuni iliyojificha. La nne ni kumbukumbu ya papo kwa papo, yaani kushika jambo kichwani huku ukilifanyia kazi. La tano ni kasi ya kushughulikia vitu vyepesi.

Stanford-Binet, mjukuu wa kile kipimo cha 1905, liko toleo la tano tangu 2003, nalo huanzia miaka miwili hadi uzeeni. KABC-II, lililotoka 2004 kwa watoto wa miaka 3 hadi 18, humruhusu mpimaji kuacha nje sehemu zinazotegemea maarifa ya shule na lugha. Matriksi za Raven, zilizoanza mwaka 1938, ni picha zenye mchoro uliokatwa kipande, na mtoto huchagua kipande kinachofaa. Toleo la rangi la watoto wadogo lina maswali 36. Ni kipimo chepesi kutumia, hata kwa kundi, lakini kinagusa upande mmoja tu wa akili. Ukipewa alama za Raven peke yake huku ukiambiwa "hii ndiyo IQ yake", uliza mengine yako wapi.

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo watoto wetu wanapoumia zaidi: lugha.

Kutafsiri kipimo si kutafsiri maneno yake. Chukua zoezi la kurudia tarakimu. Mpimaji anasema "tatu, nane, moja, sita", mtoto anarudia, kisha zinaongezwa mpaka ashindwe. Hesabu sasa silabi: kila tarakimu ya Kiswahili kuanzia moja hadi tisa ina silabi mbili. Kwa Kiingereza karibu zote zina silabi moja. Watafiti waliowachunguza wazungumzaji wa Kiwelisi, katika kazi iliyochapishwa mwaka 1980, walionyesha kuwa tarakimu za lugha hiyo huchukua muda mrefu zaidi kutamkwa kuliko za Kiingereza, na kwa hiyo mtu hushika chache zaidi kichwani. Juu ya hayo, sisi tuna sita, saba na tisa zinazokaribiana kwa sauti. Mtoto anayepimwa kwa Kiswahili kisha akalinganishwa na jedwali la kulinganishia, yaani orodha ya alama za watoto wa umri wake, lililotokana na watoto waliopimwa kwa Kiingereza, anaweza kupoteza alama kabla hajafungua kinywa. Maana ya maneno nayo ni vivyo hivyo: neno gumu katika lugha moja ni neno la kila siku katika nyingine, na mpangilio wa jepesi hadi gumu huvurugika.

Mazoea ya mkono nayo yanahesabika. Mwaka 1979 Robert Serpell alichapisha utafiti aliowalinganisha watoto wa Zambia na wa Uingereza katika kunakili maumbo. Kwa penseli na karatasi, Waingereza walifanya vizuri zaidi. Kwa waya, Wazambia wakawa mbele, maana walizoea kujitengenezea magari ya waya. Kwa udongo wa kufinyanga, walilingana. Umbo lilikuwa moja; kilichobadilika ni kitu kilichowekwa mkononi.

Kwa hiyo kuna maswali mawili ya kuuliza kuhusu kipimo chochote. Jedwali la kulinganishia limetokana na watoto gani? Limetengenezwa lini? Hili la pili lina hesabu yake. Mtafiti James Flynn alionyesha kuwa katika karne ya 20 wastani wa alama katika nchi nyingi ulikuwa ukipanda, kwa takribani alama 3 kila miaka kumi. Jedwali lililokaa miaka 20 linaweza kumpa mtoto alama kama 6 za bure. Zikiwa za kujifurahisha nyumbani hazina neno, lakini zinaweza kumnyima mtoto msaada aliokuwa akiustahili.

Kipimo chenye jedwali linalomfaa mtoto wako kikikosekana, bado anaweza kupimwa. Ila ripoti iseme hivyo wazi, na alama zisomwe kwa tahadhari, pamoja na kazi zake za shule na maelezo ya wanaoishi naye.

Hatua ya 4: Mchague mpimaji

Vipimo hivi hutolewa na mwanasaikolojia aliyefundishwa kuvitumia, mtu mmoja na mtoto mmoja, ana kwa ana. Vile vya mtandaoni vya dakika kumi vinavyokupa IQ ya 138 na kukuomba ulipie cheti, achana navyo. Havina jedwali la umri linaloaminika, na hakuna anayemtazama mtoto.

Muulize mpimaji haya kwa simu kabla ya kupanga siku: Umefundishwa wapi kutoa kipimo hiki, na umewapima watoto wa umri huu? Utatumia toleo lipi? Utampima kwa lugha gani, na kama anatumia lugha mbili utafanyaje? Ripoti itakuwa na mapendekezo ya shuleni na nyumbani, au alama tu? Nani ataiona? Je, utakaa nasi kutueleza?

Anayekasirishwa na maswali haya amekuokoa safari. Mwenye kazi yake atakuuliza mengi kuliko uliyomuuliza: ujauzito ulikuwaje, alizaliwaje, alitembea lini, aliongea lini, na ataomba taarifa kutoka kwa mwalimu. Pia ataomba ridhaa yako kwa maandishi, na atamweleza mtoto mwenyewe kinachokwenda kufanyika.

Hatua ya 5: Mwandae mtoto bila kumfundisha

Kiswahili kinatutegea mtego hapa. Ukisema mtoto anakwenda "kupimwa akili", majirani watadhani amechanganyikiwa, na wenzake wakisikia hatapumua. "Kapimwe akili" ni tusi. Tafuta maneno mengine. Usimdanganye kwamba mnakwenda kutembea tu. Akifika akakuta meza na saa, hatakuamini tena.

Mazungumzo yanaweza kuwa mafupi:

"Mwanangu, kesho tunakwenda kwa mtu ambaye kazi yake ni kujua watoto wanavyojifunza. Mtafanya mafumbo, utajenga vitu, atakuuliza maswali."

"Nikikosa je, mama?"

"Utakosa mengine. Wote hukosa, hata wakubwa, kwa sababu maswali yanaongezeka ugumu mpaka mtu afike mwisho wake. Wewe jaribu, na usipojua sema sijui."

"Nitapigwa?"

"Hapigwi mtu. Wala si mtihani wa shule."

Swali la "nitapigwa?" si la kuchekesha. Mtoto aliyezoea kuadhibiwa kwa kukosea hukaa kimya badala ya kubahatisha, na kimya huhesabiwa kuwa hajui. Mweleze mpimaji kama mtoto wako yuko hivyo.

Usimtafutie maswali ya kufanyia mazoezi. Mtoto aliyekwisha kuyaona maswali anapata alama isiyomwelezea yeye, na kipimo hicho kinakuwa kimeharibika kwake kwa muda mrefu. Ndiyo sababu wapimaji hawatoi nakala za maswali, na mifano yote ya maswali humu nimeitunga mwenyewe.

Usiku uliotangulia alale mapema. Asubuhi ale. Avae miwani au kifaa chake cha kusikia. Kuhusu dawa anazotumia kila siku, muulize mpimaji anywe kama kawaida au la, na jibu liandikwe kwenye ripoti. Akiamka na homa, ahirisha. Panga saa za asubuhi ikiwezekana, na usimtoe katikati ya kipindi anachokipenda kuliko vyote, atakuja amenuna.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Kwa kawaida utasubiri nje. Mzazi akiwa ndani, mtoto husoma uso wake badala ya karatasi.

Mpimaji huanza na porojo kidogo ili mtoto azoee. Kila zoezi lina pa kuanzia kulingana na umri. Mtoto akikosa maswali ya mwanzo hurudishwa nyuma kwenye mepesi, na akikosa kadhaa mfululizo zoezi husimamishwa. Maelekezo husomwa neno kwa neno, sawa kwa kila mtoto. Mpimaji hasemi "umepata" wala "umekosa". Atasema "naona unajitahidi", basi. Watoto wengine huliona hilo kama ukali. Ni vizuri walijue mapema.

Mazoezi kumi ya msingi ya WISC-V huchukua saa moja na dakika chache. Tathmini nzima, pamoja na mahojiano na vipimo vingine, huenda mbali zaidi na inaweza kugawanywa siku mbili. Mtoto akichoka apumzishwe.

Muda wote huo mpimaji anaandika pembeni: anajibu haraka bila kufikiri, anajisahihisha, anaomba kurudiwa swali, anaongea peke yake akitafuta jibu, anashika penseli kwa kuikaba, anakata tamaa mapema. Maandishi hayo ya pembeni mimi huyathamini kuliko alama. Nyumbani uliza swali moja tu, "kipi ulikipenda?", kisha mwache akacheze.

Hatua ya 7: Kuisoma ripoti

Zamani IQ ilikuwa mgawanyo halisi. Wazo hilo lilitolewa na William Stern mwaka 1912, na Lewis Terman akalieneza kupitia Stanford-Binet mwaka 1916: chukua umri wa akili, gawanya kwa umri halisi, zidisha kwa 100. Mwenye miaka 8 anayefanya kama wa miaka 10 alipata 125. Siku hizi hesabu hiyo imeachwa. Mtoto analinganishwa na watoto wa umri wake tu, wastani umewekwa kuwa 100, na kila hatua ya alama 15 ina maana yake:

- 130: amewazidi takribani 98 kati ya 100 wa umri wake
- 115: amewazidi kama 84
- 100: yuko katikati kabisa
- 85: amewazidi kama 16
- 70: amewazidi kama 2

Watoto 68 hivi katika kila 100 wako kati ya 85 na 115. Sasa angalia makosa mawili ya kawaida. Mzazi anaona 100 na kushangilia kwamba mtoto amepata mia kwa mia. Mwingine anaona "asilimia 45" na kudhani mtoto amefeli, wakati hiyo inamaanisha tu kwamba amewazidi 45 kati ya wenzake 100, yaani yuko katikati ya kundi. Alama za zoezi mojamoja huandikwa kwa kipimo kingine, wastani 10, na hatua yake ni 3. Ukikuta 9 usishtuke.

Kando ya kila alama kuwe na upeo wake. Ripoti ikisema "IQ 101, kati ya 95 na 107", maana yake ni kwamba kipimo chochote kina kuyumba, na alama ya kweli ya mtoto inatarajiwa kuwa ndani ya nafasi hiyo. Ripoti yenye namba moja kavu, isiyo na upeo, irudishwe ikakamilishwe. Ugomvi wa 101 na 104 ni ugomvi wa bure.

Tuseme msichana wa miaka kumi ana ripoti hii: maneno 112, maumbo 108, uchambuzi 110, kumbukumbu 94, kasi 79, jumla 101. Ukiishia kwenye jumla utasema ni mtoto wa kawaida, mwalimu atasema mvivu maana hamalizi kunakili ubaoni, na wote mtakuwa mmekosea. Huyu anaelewa kuliko wenzake wengi, lakini kwa kasi amewazidi kama 8 tu kati ya 100. Kwa nini? Namba haisemi. Inaweza kuwa mkono haujakomaa kushika penseli. Inaweza kuwa macho, woga wa kukosea, au kama yule mvulana wetu, kutaka kila kitu kikae mstari. Hapo ndipo unamuuliza mpimaji: "Wakati wa mazoezi ya kasi, ulimwona akifanya nini?" Jibu la swali hilo ndilo litakaloamua apewe muda wa ziada kwenye mitihani, apelekwe kwa mtaalamu wa tiba kazi, au atulizwe moyo.

Maeneo yakiachana sana namna hii, mpimaji makini hatasisitiza jumla. Wengine hukokotoa alama nyingine inayoacha nje kumbukumbu na kasi. Uliza kama imefanyika.

Alama za chini ya 70 hazitoshi kumpa mtoto jina la ulemavu wa akili. Kwa DSM-5 ya mwaka 2013, mwongozo wa utambuzi unaotumiwa na wataalamu wa afya ya akili, lazima pia kuwe na upungufu katika maisha ya kila siku: kujihudumia, kuwasiliana, kujilinda, kuishi na wenzake, na hali hiyo iwe imeanza utotoni. Mtoto mwenye 68 anayevuka barabara mwenyewe, anayetumwa akaleta na chenji sahihi, anayeaminiwa kukaa na mdogo wake, ana habari ambayo kipimo hakikuiona. Mweleze mpimaji hayo yote. Kinyume chake pia hutokea: mwenye 76 anayeshindwa hata kuvaa anahitaji msaada kuliko namba inavyosema.

Nayo 130 na kuendelea haimwondolei mtoto shida. Mwenye uelewa mkubwa wa maneno anaweza kuficha disleksia kwa miaka, akibahatisha sentensi nzima kutokana na maneno mawili aliyoyasoma. Usonji pia huweza kwenda pamoja na IQ ya juu.

Hatua ya 8: Kuitumia

Omba kikao cha kuelezwa, na uende na ile karatasi ya hatua ya kwanza. Kama swali lako halijajibiwa, sema. Mapendekezo yawe ya kutendeka kesho asubuhi: "akae safu ya mbele", "apewe maelekezo moja baada ya jingine", "asome kwa sauti dakika 15 kila siku na mtu mzima". Pendekezo la "asaidiwe zaidi" halina kitu ndani.

Shule haihitaji ripoti yote. Historia ya familia, ugonjwa wa mama, ndoa iliyovunjika, hayo si ya chumba cha walimu. Omba muhtasari wa ukurasa mmoja wenye nguvu zake, ugumu wake na cha kufanya darasani. Tahadhari hii ina historia: katika shauri la Larry P. huko California, mahakama iliamua mwaka 1979 kwamba vipimo vya IQ vilikuwa vimewapeleka watoto weusi kwa wingi usiostahili katika madarasa ya wanaodhaniwa wazito wa akili. Ripoti ikitumika kumhamishia mtoto kwenye darasa ambalo hafundishwi, una haki ya kuhoji.

Mtoto mwenyewe aambiwe nini? Ukweli, bila namba. "Unaelewa hadithi na mafumbo haraka sana. Kuandika kunakuchukua muda, kwa hiyo tutatafuta njia ya kukusaidia." Ndugu zake wasiambiwe alama, na isiwe kipimo cha kugombezea: mtoto aliyewahi kusikia "na IQ yote hiyo unashindwa kufua soksi!" hatakubali kupimwa tena.

Kumrudisha kupimwa

Kipimo kilekile kisirudiwe kabla ya mwaka mmoja au miwili, la sivyo mazoea yatapandisha alama. Mara nyingi kurudia hakuna haja mpaka kuwe na swali jipya: matibabu yamebadilika, shule imebadilika, au alama za kwanza zilipatikana akiwa mdogo mno. Alama za kabla ya umri wa shule huyumba sana, na baadaye hutulia. Ushahidi mkubwa wa utulivu huo unatoka Scotland, ambako tarehe 1 Juni 1932 watoto zaidi ya 87,000 waliozaliwa 1921 walipimwa siku moja. Baadhi yao walipopimwa tena kwa mtihani uleule wakiwa na umri wa miaka 77 hivi, waliokuwa juu utotoni kwa sehemu kubwa walibaki juu. Kwa sehemu kubwa tu: wapo waliopanda na wapo walioshuka, na hakuna jedwali linaloweza kukuambia wako atakuwa nani.

Siku ya kurudi, chukua ripoti ya zamani yenye jina la kipimo, toleo, tarehe na alama za kila eneo. Eleza kilichobadilika katikati. Na kama mara ya kwanza alipimwa bila miwani ambayo sasa anavaa, liseme hilo kabla ya jambo jingine lolote, maana alama hizo mbili hazilinganishiki.